Kiporo cha Makusudi: Nyama ya Nguruwe ya Asubuhi na Hamu ya Nyumbani Nchini Marekani

Katika majimbo ya Marekani yaliyo kati ya pwani ya Atlantiki na bonde la mto Ohio kuna jamii ya vyakula vya asubuhi ambavyo mtu aliyezaliwa mwendo wa saa chache tu kutoka mahali vinapoliwa huenda hajapata kuvisikia, ilhali aliyekulia mahali hapo na kuhamia mbali huviagiza kwa posta, vikiwa vimegandishwa na kufungwa katika masanduku ya barafu. Vinavyojulikana zaidi ni vinne: scrapple ya Philadelphia na mashamba yanayoizunguka, goetta ya Cincinnati, livermush ya magharibi mwa Carolina Kaskazini, na pork roll ya New Jersey. Vitatu vya kwanza ni ndugu wa damu, kwa kuwa vyote ni nyama ya nguruwe iliyopikwa pamoja na nafaka hadi ikawa nzito, ikaachwa ipoe na kushikana, kisha ikakatwa vipande na kukaangwa. Cha nne ni nyama tupu iliyosagwa, ikatiwa chumvi na kufukizwa moshi, nacho kimeingia katika ukoo huo kwa ujirani, si kwa uzazi.

Msomaji wa Kiswahili analo neno linalokaribia sana kueleza tabia ya hao ndugu watatu, nalo ni kiporo, yaani chakula kilicholala kikaliwa asubuhi. Ugali uliolala hushikana kwa sababu wanga ulioiva hukaza unapopoa, na ukikatwa kwa kisu na kukaangwa katika mafuta hupata ganda kavu nje huku ndani ukibaki laini. Scrapple na goetta hufuata kanuni hiyohiyo, isipokuwa kwamba wanga wake umesaidiwa na ute unaotoka katika ngozi na mifupa ya nguruwe, ambao nao huganda ukipoa. Tofauti iliyo kubwa zaidi ni ya nia: kiporo cha kawaida ni masalio ya chakula kilichopikwa kiliwe jana, ilhali vyakula hivi hupikwa kwa kusudi la kulala, na anayevila siku ileile vikiwa bado uji moto huhesabiwa kuwa hajavila. Kuna jambo jingine la kushangaza. Siku ya kuchinja nguruwe ilizaa vyakula vingi vya mabaki, vikiwemo soseji za damu, tumbo lililojazwa viazi na nyama ya kichwa iliyogandishwa katika siki, na vyote hivyo vimefifia au vimebaki kwa wachache. Ni hivi vya kukaanga asubuhi tu vilivyogeuka kuwa alama ya kwao kwa watu ambao wengi wao hawajapata kuona nguruwe akichinjwa. Historia yake, ikifuatwa kwa makini, yaonyesha kwamba kilichovigeuza si kijiji wala bibi aliyekoroga sufuria, bali ni kiwanda kidogo cha mjini pamoja na ufinyu wa soko lake.

Asili ya scrapple iko kaskazini-magharibi mwa Ujerumani, katika Westphalia na nchi ya chini ya mto Rhine, ambako wakulima walikuwa wakipika chakula kiitwacho Pannhas kwa kukoroga mchuzi uliochemshiwa nyama na soseji pamoja na unga wa bakwiti, mmea ambao si wa jamii ya ngano bali hutoa mbegu nyeusi zenye pembe tatu na unga wa kijivu, na ambao hustawi katika udongo hafifu. Jina hilo likichambuliwa neno kwa neno huonekana kumaanisha sungura wa kikaangoni, na linaweza kusomwa kama mzaha wa mtu asiye na sungura. Mwaka 1683 familia 13 kutoka Krefeld, mji ulio katika nchi hiyohiyo ya Rhine, zilianzisha Germantown, ambayo leo ni sehemu ya jiji la Philadelphia, na katika karne ya 18 zikafuatwa na makumi ya maelfu ya Wajerumani wengine waliotapakaa katika mashamba ya kusini-mashariki mwa Pennsylvania, wakazungumza lahaja yao waliyoiita Deitsch. Huko walikuta mahindi, nafaka ambayo Walenape, wenyeji wa bonde la mto Delaware, walikuwa wakiilima kabla ya Mzungu yeyote kufika. Unga wa mahindi ukaingia sufuriani kando ya bakwiti, na hapo ndipo Pannhas ya Ulaya ilipogeuka kuwa chakula cha Marekani.

Upishi wake ulifungamana na kalenda. Kabla ya majokofu, nguruwe wa nyumbani walichinjwa mwanzoni mwa majira ya baridi, Novemba na Desemba hasa, hewa ilipokuwa na baridi ya kutosha kuzuia nyama isioze lakini haijawa kali kiasi cha kuigandisha mikononi mwa wakataji. Majirani walikusanyika alfajiri. Maji yalichemshwa ya kumnyonyolea mnyama. Mapaja na mbavu zilitengwa kwa ajili ya chumvi na moshi, na mafuta yakayeyushwa yahifadhiwe kwa mapishi ya mwaka mzima. Kichwa, moyo, maini, vipande vya ngozi na mifupa iliyobakiwa na nyama vilitiwa katika sufuria kubwa la chuma lililotundikwa juu ya moto uani, vikachemka mpaka nyama ikaachana na mfupa bila kulazimishwa. Nyama hiyo ikiisha kutolewa na kusagwa, sehemu yake ilirudishwa katika mchuzi, ndipo unga ukamiminwa kidogo kidogo pamoja na pilipili manga na majani makavu ya seji, mtu akikoroga kwa mwiko mrefu bila kupumzika, kwa kuwa chakula cha namna hii hushika chini upesi na kuungua kwa siri. Ilikuwa kazi ya mwisho ya siku, ya kukomba sufuria. Waliosaidia, na wahitaji wa kijiji, walipelekewa fungu lao, zawadi iliyoitwa Metzelsupp, yaani mchuzi wa machinjo. Ni desturi ambayo haitakuwa ngeni kwa yeyote aliyekulia mahali ambapo mnyama hachinjwi bila jirani kuonja.

Neno scrapple lenyewe ni la Kiingereza, na kwa maelezo yanayokubalika zaidi limetokana na neno lenye maana ya kibaki au kipande kisicho na kazi. Kufikia katikati ya karne ya 19 lilikuwa limeingia katika machapisho, wakati ambapo wakulima wa Kijerumani walikuwa wakiuza chakula hicho katika masoko ya Philadelphia kwa wateja wasioelewa lahaja yao. Kubadilika kwa jina kulikwenda sambamba na kubadilika kwa kitu chenyewe: shambani Pannhaas, kama ilivyoitwa kwa Deitsch, ilikuwa ya msimu na haikuwa na bei, ilhali mjini scrapple ilikuwa bidhaa yenye mizani na sarafu. Familia ya Habbersett ilianza kuitengeneza mwaka 1863 katika mashamba ya magharibi mwa Philadelphia. Soko la Reading Terminal, lililofunguliwa mwaka 1893 chini ya njia za reli katikati ya jiji, likawapa wakulima wa Lancaster na wilaya jirani mahali pa kuiuza mwaka mzima. Na mwaka 1926 ndugu wawili, Ralph na Paul Adams, walianzisha huko Bridgeville, Delaware, kiwanda ambacho jina lake, Rapa, liliundwa kwa herufi za mwanzo za majina yao. Inasimuliwa hadi leo kwamba mwana wa malkia wa Uingereza aliyezuru Philadelphia mwaka 1860, ambaye baadaye alikuwa mfalme Edward VII, aliporudi kwao alisema alikutana na ukoo mkubwa uitwao Scrapple na asubuhi akala Biddle, ilhali Biddle ndilo jina la ukoo wa matajiri wa zamani wa jiji hilo. Kisa hicho kinanuka utunzi. Hata hivyo ni ushahidi mzuri wa jambo moja, kwamba jiji lilijua mapema kuwa chakula chake ni kigeni mno masikioni mwa mgeni, na badala ya kukionea haya likakifanyia mzaha wa kujivunia.

Ladha ya scrapple haina siri kubwa. Kipande chenye unene wa kidole huwekwa juu ya kikaango cha chuma kilichopata moto sawasawa, kikaachwa bila kuguswa mpaka ganda lijitenge lenyewe na chuma, kwa kuwa anayekigeuza kabla ya wakati hubaki na rojo. Kisha huliwa na mayai, wengine wakimimina juu yake shira ya mti wa mepo, wengine tomato sosi, wengine rojo tamu la matofaa, na kila kundi likiamini kwamba mengine yamepotoka. Wala hakikubaki chakula cha Wajerumani. Kwenye rasi iliyo kati ya ghuba za Delaware na Chesapeake, na katika mitaa ya Philadelphia, Wamarekani Weusi wamekila vizazi kwa vizazi, nao walikuwa na ujuzi wao wenyewe wa kuchinja na kutumia kila sehemu ya nguruwe. Kanuni za serikali kuu za Marekani sasa zinaagiza kwamba kitu hakiwezi kuuzwa kwa jina la scrapple ikiwa nyama na viungo vyake vingine, bila mifupa, havifikii asilimia 40 ya uzito. Masalio ya sufuria yamepewa sheria yake.

Goetta ni habari ya mji mwingine na ya wimbi jingine la wahamiaji. Cincinnati, iliyo ukingoni mwa mto Ohio, ilikuwa katikati ya karne ya 19 mji mkuu wa nyama ya nguruwe duniani, ikapewa jina la utani la Porkopolis. Wakulima wa Ohio, Indiana na Kentucky walikuwa na mahindi mengi na barabara mbovu, na njia rahisi ya kuyafikisha mahindi sokoni ilikuwa kumlisha nguruwe kisha kumswaga aende mwenyewe kwa miguu. Mwandishi wa Kiingereza Frances Trollope, aliyeishi mjini humo kuanzia mwaka 1828 hadi 1830, aliandika kwa karaha juu ya nguruwe waliozurura barabarani wakila takataka za wakazi. Nyama ilitiwa chumvi katika mapipa na kusafirishwa kwa mashua kuteremka mto. Mafuta yalizaa mishumaa na sabuni, na ndiyo yaliyokuwa malighafi ya William Procter na James Gamble, walioanzisha kampuni yao mwaka 1837. Chicago, kwa msaada wa reli, iliipokonya Cincinnati taji hilo wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865, lakini machinjio, mabucha na wingi wa vipande vya bei rahisi vilibaki.

Katika mji huo walikuwa wamemiminika Wajerumani, wengi wao wakiwa watu wa kaskazini-magharibi, wa Oldenburg, Osnabrück na Münster, ambao walijaa mtaa ulioitwa Over-the-Rhine kwa kuwa mfereji uliokuwa ukiutenga na katikati ya mji ulifananishwa kwa utani na mto wa kwao. Nchi waliyotoka ndiyo nchi ya vyakula vya nyama na nafaka iliyokatwakatwa, kama Knipp ya Bremen na vitongoji vyake, ambayo ni oti zilizopasuliwa, nyama ya nguruwe na mchuzi, vikapikwa, vikagandishwa na kukaangwa. Goetta, inayotamkwa kama geta, inatokana na neno la Kijerumani cha kaskazini lenye maana ya nafaka iliyopasuliwa, na ni kama Knipp iliyovuka bahari ikaongezewa nyama ya ng'ombe. Oti zake hazisagwi kuwa unga wala hazibanzwi. Hukatwa vipande vidogo kama vichwa vya pini, na hupikwa polepole kwa saa kadhaa na vitunguu, majani ya bay na pilipili manga, ili kila chembe ilainike bila kupasuka. Ndiyo sababu kipande cha goetta kina uhai wa kutafuna ambao scrapple, iliyo laini kama ugali, haina.

Kilichoifanya goetta kuwa zaidi ya chakula kilitokea Marekani ilipoingia katika vita dhidi ya Ujerumani mwaka 1917. Kabla ya hapo Cincinnati ilikuwa mji wa lugha mbili kwa maana halisi: shule zake za umma zilikuwa zikifundisha Kijerumani tangu mwaka 1840, palikuwa na magazeti, makanisa na vyama vya kuimba vya lugha hiyo, na baba angeweza kuishi na kufa Over-the-Rhine bila kuhitaji Kiingereza zaidi ya cha kununulia tiketi. Katika muda wa miezi michache vyote hivyo vilianza kubomolewa. Mwaka 1918 baraza la mji liliyafuta majina ya Kijerumani ya mitaa kadhaa, mtaa wa Bremen ukaitwa Republic na mtaa wa German ukaitwa English. Ufundishaji wa Kijerumani ukafutwa, na mwaka 1919 bunge la Ohio likaupiga marufuku kisheria katika madarasa ya chini, sheria ambayo Mahakama Kuu ya Marekani iliitangua mwaka 1923, wakati ambapo walimu walikuwa wametawanyika na wazazi wamejifunza kunyamaza. Mwaka 1920 katazo la pombe likafunga viwanda vya bia. Jina la Bremen likaondolewa kwenye kibao cha mtaa, na kitoweo cha Bremen kikaendelea kukaangwa katika nyumba za mtaa huohuo, kwa kuwa hakuna aliyewahi kukikariri shuleni wala kukichapisha gazetini, na kwa jicho la afisa wa serikali kilikuwa uji wa nyama tu. Si sahihi kusema kwamba watu waliificha goetta. Hawakuwa na haja ya kuificha. Udogo wake ndio uliokuwa ngao yake, na vizazi vilivyofuata, visivyojua sentensi moja ya Kijerumani, vilirithi neno moja lililobaki mdomoni pamoja na chakula chenyewe.

Baada ya vita vya pili vya dunia, mwaka 1946, Robert Glier alianzisha huko Covington, ng'ambo ya mto katika jimbo la Kentucky, duka la nyama lililokua kuwa kiwanda kikubwa kuliko vyote vya goetta. Kiwanda hicho hutoa zaidi ya pauni milioni moja kwa mwaka, ambazo ni takribani tani 450, na karibu zote huliwa katika eneo la Cincinnati lenyewe. Tangu mwaka 2001 kumekuwa na tamasha la goetta kando ya mto, ambako huuzwa juu ya piza, ndani ya mikate na hata ikiwa imechanganywa katika vitu vitamu, ubunifu ambao wazee wa mji huutazama kwa uvumilivu. Nguruwe naye, aliyemkera Frances Trollope, sasa amewekewa sanamu zenye mabawa katika bustani ya ukingoni mwa mto, na mbio za marathoni za mji huo, zilizoanza mwaka 1999, zimepewa jina la nguruwe arukaye.

Livermush ni tawi la kusini la scrapple. Wajerumani wa Pennsylvania, pamoja na Waskoti kutoka Ireland, walishuka katika karne ya 18 kwa njia kuu ya magari ya kukokotwa iliyotoka Philadelphia, ikapita bonde la Shenandoah na kuingia katika vilima vya Carolina, wakabeba mapishi yao. Huko bakwiti ikaachwa, mahindi yakabaki peke yake, na maini yakaongezwa mpaka yakatawala, hata leo kanuni zinataka yasipungue asilimia 30. Chakula hicho kilikuja kufaa sana katika miji ya viwanda vya nguo vya pamba, ambako familia nzima zilifanya kazi kwa ujira mdogo, na kipande kilichokaangwa na kuwekwa katika mkate pamoja na haradali kiliweza kubebwa mfukoni hadi mashineni. Shelby, mji wa wilaya ya Cleveland, ndio unaojinadi kuwa makao yake, na viwanda vyake vya livermush vilianza katika miaka ya dhiki ya 1930. Kadiri mtu anavyosogea mashariki mwa jimbo hilo, jina hubadilika kuwa liver pudding na kitu chenyewe huwa laini zaidi, na mpaka wa majina hayo wenyeji huujua bila ramani.

Mpaka wa majina wenye kelele kuliko yote, hata hivyo, uko New Jersey. Huko Trenton, mwaka 1856, mfanyabiashara John Taylor, ambaye baadaye alikuwa seneta wa jimbo na kujenga jumba la maonyesho lililobeba jina lake, alianza kuuza nyama ya nguruwe iliyosagwa, ikatiwa chumvi, sukari na viungo, ikafukizwa moshi na kushindiliwa katika mfuko wa kitambaa uliofanana na soseji nene. Aliiita ham iliyotayarishwa. Tatizo la jina hilo ni kwamba ham, kwa maana kamili, ni paja la nguruwe lililohifadhiwa likiwa zima, si nyama ya kusaga. Na Juni 1906, baada ya ghadhabu iliyochochewa na riwaya ya Upton Sinclair kuhusu machinjio ya Chicago, rais Theodore Roosevelt alitia saini sheria ya usafi wa vyakula na dawa, iliyokataza bidhaa kubeba jina lisilo lake. Kampuni ikalazimika kuliacha neno ham na kushika jina la pork roll, yaani nyama ya nguruwe iliyoviringwa. Washindani walipolitumia jina hilo jipya, Taylor waliwashtaki, na mwaka 1910 mahakama ikaamua kwamba maneno hayo yanaeleza tu umbo na asili ya kitu, kwa hiyo hayawezi kuwa mali ya mtu mmoja.

Matokeo ya sheria hiyo na hukumu hiyo bado yanasikika kila asubuhi. Kaskazini mwa New Jersey, upande unaoelekea New York, watu huendelea kusema Taylor ham, jina ambalo sheria ilikwisha kulifuta kwenye lebo zaidi ya karne moja iliyopita. Kusini, upande unaoelekea Philadelphia, husema pork roll, na aliyekulia upande mmoja humtambua wa upande wa pili kabla kahawa haijamiminwa. Kitu kinacholiwa ni kilekile. Vipande vyembamba vya duara hukatwa mikato midogo ukingoni ili visikunjamane kama kikombe juu ya bamba la moto, vikakaangwa hadi ukingo uwe wa hudhurungi, kisha hupangwa ndani ya mkate mgumu wa mviringo pamoja na yai na jibini inayoyeyuka, na muuzaji huuliza kwa haraka kama mteja anataka chumvi, pilipili na tomato sosi. Mei 2016, rais Barack Obama alipohutubia mahafali ya chuo kikuu cha Rutgers, alianza kwa mzaha kwamba amekuja kuamua ugomvi huo wa majina, kisha akajitoa haraka, akionyesha kwamba ni hatari kuuingilia. Ni nadra kwa rais kuwa makini kiasi hicho.

Pork roll ndiyo inayofungua fumbo la wote wanne, kwa kuwa haikuwahi kuwa na kijiji. Haina bibi, haina siku ya machinjo, haina jina la Kijerumani. Ilizaliwa kiwandani, ikiwa na alama ya mwenye mali, na bado watu wa New Jersey huililia ugenini kwa kilio kilekile ambacho mtu wa Philadelphia huililia scrapple. Hapo inabainika kwamba hata huyo wa Philadelphia, akichunguzwa, anachokikumbuka ni kipande chenye pembe nne kilichotoka ndani ya karatasi ya kiwanda fulani, kikakaangwa na mzazi aliyekuwa akiwahi kazini. Sufuria la chuma la uani lilikwisha kutoweka katika maisha ya mjini kabla yeye hajazaliwa. Tangu miaka ya 1880 kampuni kubwa za Chicago, zikitumia mabehewa ya reli yenye barafu, zilisambaza nyama nchi nzima, na bidhaa zao zikawa sawa kutoka Boston hadi San Francisco. Mtu hawezi kukumbuka kwao kupitia nyama ambayo ataikuta kila anakokwenda. Vyakula vya mchuzi na unga, vyenye maji mengi, visivyodumu, vya bei ndogo na vya majina yasiyotamkika, havikuwavutia wakubwa hao, navyo vikaachwa mikononi mwa viwanda vya familia ambavyo soko lake liliishia pale gari la kusambaza lilipoweza kwenda na kurudi kwa siku moja. Soko la taifa liliviweka kando kama wachinjaji walivyokuwa wakikiweka kando kichwa cha nguruwe, na kwa njia hiyo likavipa mipaka.

Mipaka hiyo haikuonekana mpaka watu walipoanza kuivuka kwa wingi. Katika nusu ya pili ya karne ya 20 barabara kuu za taifa, kufungwa kwa viwanda vya kaskazini na joto la Florida na Arizona kwa wastaafu viliwahamisha mamilioni, na wahamiaji walioingia katika mkahawa wa kwanza wa ugenini na kuagiza chakula cha asubuhi walikuta mhudumu hajui wanasema nini. Hapo ndipo kitu kilichokuwa cha kawaida mno hata kisistahili kutajwa kilipopata uzito. Wale waliokionea haya zamani, kwa kuwa kilikuwa na maini na kilinukia umaskini, ndio walioanza kukibeba ndani ya majokofu ya safari, wakilaza vipande vilivyofungwa kati ya nguo walipotoka kuwatembelea wazazi. Matamasha nayo, ya Bridgeville yaliyoanza mwaka 1992, ya Shelby na ya goetta kando ya mto Ohio, yakawa na wageni wengi ambao ni wenyeji waliorudi. Viwanda vimeitikia kwa kufungua madawati ya kutuma kwa posta, na vingine vimeongeza aina za bata mzinga na ng'ombe kwa ajili ya walaji wasiotaka nguruwe.

Wakati huohuo, katika wilaya ya Lancaster, Waamishi wa madhehebu ya kale, wanaolima kwa farasi na wanaozungumza Deitsch nyumbani, bado huchinja nguruwe wao baridi inapoingia. Sufuria hutundikwa uani, kichwa huchemshwa, unga humiminwa mwishoni, na uji huo husombwa kwa upawa na kutiwa katika mabati ya kuokea mikate, ukapangwa juu ya rafu ya ghala ulale hadi asubuhi. Hawauiti scrapple, isipokuwa wanapowauzia wageni sokoni. Wao kwa wao ni Pannhaas, na fungu la jirani hupelekwa jioni hiyohiyo, kabla mabati hayajapoa.